Mashine za kisasa za mtoto wa jicho: Sekunde chache zinazoweza kuunguza jicho

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTOTO wa jicho ni ugonjwa ambao tiba yake inajulikana, haina ubishi na imewarudishia watu nuru kwa miongo mingi. Tiba hiyo ni upasuaji: lenzi iliyoingia ukungu huondolewa na nyingine ya bandia huwekwa mahali pake.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 94 duniani ni vipofu au wana uoni hafifu wa mbali kutokana na ugonjwa huo. Hakuna ugonjwa mwingine unaopofusha watu wengi kiasi hicho.

Ndiyo maana habari za kuongezeka kwa mashine za kisasa za upasuaji huo katika hospitali za miji yetu hupokewa kwa furaha. Mgonjwa huingia asubuhi, hutoka siku hiyo hiyo, na mara nyingi jicho lake halina hata mshono mmoja.

Hata hivyo, nyuma ya sifa hizo kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui na matangazo hayalisemi. Mashine hiyo huivunja lenzi kwa mtikisiko, na mtikisiko huzalisha joto. Joto hilo lisipodhibitiwa linaweza kuunguza konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, ndani ya sekunde chache tu.

Ajali hiyo ni nadra, na hilo lazima lisemwe mapema ili asiwepo mtu wa kuahirisha matibabu kwa hofu. Mtoto wa jicho asiyetibiwa anaweza kupofusha, wakati upasuaji huponya walio wengi mno.

Lakini nadra maana yake si kwamba haipo. Na kwa kuwa karibu kila tukio la aina hiyo linaweza kuzuiwa kwa hatua zenye gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya mashine yenyewe, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa: je, hospitali zetu zinaponunua mashine, hununua pia mafunzo na nidhamu ya kuitumia?

Si mionzi, ni mtikisiko

Watu wengi mijini huamini kwamba upasuaji huu hufanywa kwa mionzi ya leza. Imani hiyo si sahihi. Zipo mashine za leza zinazosaidia kuchanja na kugawa lenzi, lakini hata zinapotumika, kazi ya kuiondoa lenzi kwa kawaida humaliziwa na sindano inayotikisika.

Mbinu hiyo, ambayo madaktari huiita kwa kifupi fako, ilibuniwa na daktari wa macho wa New York nchini Marekani, Charles Kelman, aliyeitangaza mwaka 1967. Wazo lilimjia alipokuwa kwa daktari wa meno, alipoona kifaa kinachosafisha meno kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu.

Kabla ya hapo, upasuaji wa mtoto wa jicho ulihitaji jeraha kubwa, mishono kadhaa na siku nyingi za kulala kitandani. Kelman alitaka lenzi itoke kupitia tundu dogo, na hilo alifanikiwa.

Leo daktari hufungua tundu pembezoni mwa konea lenye upana wa milimita mbili hadi tatu hivi. Kupitia tundu hilo huingiza sindano yenye uwazi katikati, ambayo ncha yake hutikisika takriban mara 40,000 kwa sekunde moja. Mtikisiko huo huivunja lenzi kuwa vipande na uji, kisha pampu huunyonya uji huo kupitia uwazi wa sindano yenyewe.

Sindano hiyo huvikwa ala laini ya silikoni. Kati ya ala na sindano hupita maji maalumu yenye chumvi, yanayotoka kwenye chupa iliyoning'inizwa juu, mfano wa dripu. Maji hayo yana kazi mbili: kulijaza jicho ili lisinywee, na kuipoza sindano. Usalama wa konea unategemea mtiririko huo.

Joto hutoka wapi?

Fundi anayetoboa ubao kwa keekee ya umeme hahitaji somo la fizikia ili kuelewa jambo hili. Ncha ya keekee ikikwama kwenye mbao ngumu na yeye akaendelea kubonyeza, moshi huanza kufuka.

Ndivyo ilivyo ndani ya jicho. Maji yakiendelea kuingia na kutoka, joto huchukuliwa na kutupwa nje. Yakisimama huku mtikisiko ukiendelea, joto mahali sindano inapopita kwenye konea linaweza kufika nyuzi 60 za Sentigredi katika muda wa sekunde moja hadi tatu.

Kiwango hicho ndicho kinachoharibu. Konea imejengwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita. Zikipata joto hilo hujikunja na kusinyaa. Mahali palipokuwa angavu hugeuka peupe, kama ute wa yai uliomiminwa kwenye kikaango cha moto.

Mgonjwa hahisi maumivu, kwa sababu jicho limetiwa ganzi. Anayeweza kuona kinachotokea ni daktari, kupitia darubini, na muda alionao wa kuchukua hatua ni mfupi kuliko muda unaohitajika kuisoma sentensi hii.

Sababu za maji kusimama zinajulikana. Ya kwanza na inayotajwa sana ni jeli. Kabla ya kuanza, daktari hujaza ute mzito ndani ya jicho ili kuilinda konea na kupata nafasi ya kufanyia kazi. Jeli nyingine ni nzito kiasi cha kuziba ncha ya sindano. Mtikisiko ukianzishwa kabla sehemu ya jeli hiyo haijanyonywa, sindano hutikisika ndani ya kizibo na hakuna maji yanayopita.

Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa: chupa ya maji imekwisha, au mpira wake umepinda au kubanwa na kitu, bila mtu kutambua. Ya tatu ni tundu dogo kuliko sindano inayopita humo, hivyo kuibana ala na kukata njia ya maji.

Nne, daktari anaweza kuiegemeza sindano upande mmoja wa jeraha bila kujua, hasa anapohangaika kufikia kipande cha lenzi kilicho mbali. Na tano, lenzi ikiwa ngumu sana, vipande vyake huziba ncha, huku daktari akishawishika kuongeza nguvu ya mashine na kuiacha ifanye kazi mfululizo.

Takwimu zinasema nini

Taarifa zilizokusanywa kutoka kwa madaktari wa Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2006 zilionyesha kuwa tatizo hilo lilitokea kwa karibu jicho moja katika kila 1,000. Uchunguzi mwingine uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kiwango kimeshuka hadi chini ya jicho moja katika kila 2,000.

Jambo muhimu zaidi katika uchunguzi huo ni tofauti kati ya daktari na daktari. Ilionekana kuwa mbinu ya kuigawa lenzi, aina ya jeli inayotumiwa na idadi ya wagonjwa ambao daktari huwafanyia upasuaji kwa mwaka ni mambo yanayohusiana na hatari hiyo. Waliofanya upasuaji mwingi walipata ajali chache.

Kwa maneno mengine, mashine inaweza kuwa ile ile, lakini jicho likaungua au likasalimika kutegemea mkono unaoishika na mazoea ya chumba cha upasuaji.

Ikumbukwe pia kwamba takwimu hizo zimetoka katika nchi ambako wagonjwa wengi hufanyiwa upasuaji mapema, wakati lenzi bado ni laini. Hapo ndipo hali yetu inapotofautiana na yao.

Kwa nini hatari ni kubwa zaidi kwetu

Katika Afrika Mashariki, wagonjwa wengi huchelewa kufika hospitali. Wapo wanaozuiwa na umbali, wapo wasio na fedha, na wapo walioambiwa wasubiri hadi mtoto wa jicho akomae. Ushauri huo wa kusubiri ulikuwa na maana zama za upasuaji wa zamani. Kwa upasuaji wa mashine, una madhara.

Kadiri miaka inavyopita, lenzi hubadilika kutoka rangi ya manjano hadi kahawia iliyokolea, na huwa ngumu mithili ya kokwa. Lenzi ya namna hiyo huhitaji nguvu kubwa na muda mrefu wa mtikisiko ili ivunjike, na hivyo huzalisha joto jingi zaidi.

Mchukulie mama wa miaka 70 anayeletwa mjini na wanawe kutoka kijijini. Amekaa gizani miaka kadhaa, na lenzi zake zimekuwa ngumu. Wanawe wamechanga fedha, na kwa nia njema wanataka mama yao apate kilicho cha kisasa kabisa. Hospitali nayo imenunua mashine, na daktari ndiyo kwanza anaanza kuizoea.

Kila mmoja katika mkasa huo ana nia nzuri. Lakini lenzi ngumu, mashine mpya na mkono usio na mazoea ni mambo matatu yasiyotakiwa kukutana katika jicho moja.

Kinga isiyohitaji fedha nyingi

Habari njema ni kwamba hatua za kuzuia ajali hiyo zinaeleweka na zinaweza kufuatwa katika hospitali yoyote yenye mashine.

Kwanza, kabla sindano haijagusa jicho, mashine hujaribiwa nje. Ncha huvikwa kikombe kidogo cha mpira kilichojaa maji, na wahusika huhakikisha kwamba maji yanaingia na kutoka. Muuguzi mmoja hupewa jukumu la kuangalia chupa, na asiachiwe kazi nyingine zitakazomfanya aisahau.

Pili, ukubwa wa tundu hulinganishwa na sindano na ala itakayotumika. Tundu likiwa dogo mno hubana maji, likiwa kubwa mno huvujisha. Kisu cha kipimo sahihi hutatua jambo hilo.

Tatu, daktari huanza kwa kunyonya sehemu ya jeli iliyo juu ya lenzi kabla ya kuwasha mtikisiko. Mashine huongozwa kwa kanyagio la mguu lenye hatua tatu: ya kwanza hufungua maji, ya pili huanzisha unyonyaji, na ya tatu huwasha mtikisiko. Kinachotakiwa ni kusimama kwenye hatua ya pili kwa sekunde chache na kuona kwa macho kuwa jeli inatoka, ndipo mguu ushuke kwenye hatua ya tatu.

Nne, nguvu itumike kwa vipindi, isiwe mfululizo. Mashine za sasa zinaweza kupangwa zitikisike na kupumzika mara nyingi ndani ya sekunde moja, na katika mapumziko hayo mafupi sindano hupoa.

Tano, lenzi ngumu ipasuliwe kwanza kwa kulabu ndogo ya mkono, kisha vipande vimaliziwe na mashine. Mbinu hiyo ya kupasua hupunguza sana mtikisiko unaohitajika. Msaidizi naye anaweza kudondoshea maji baridi juu ya jeraha wakati wote wa kazi.

Mwisho ni kuijua dalili ya hatari. Unyonyaji ukisimama, ukungu mweupe mfano wa maziwa huonekana kuzunguka ncha ya sindano. Huo ni uji wa lenzi unaozalishwa na mtikisiko lakini haunyonywi. Mashine nyingi pia hutoa mlio maalumu njia inapoziba. Daktari akiona maziwa hayo, au akisikia mlio huo ukiendelea, anapaswa kuondoa mguu kwenye hatua ya tatu papo hapo na kutafuta tatizo lilipo.

Ikishatokea, nini kifanyike?

Pamoja na tahadhari zote, ajali inaweza kutokea. Dalili zake ni kingo za jeraha kuwa nyeupe, kusinyaa na kuachana, huku mikunjo ikitanda kwenye konea kuanzia hapo. Tundu ambalo lingejifunga lenyewe sasa halifungi tena.

Hatua ya kwanza ni kuzima mtikisiko, kutoa sindano na kulipoza eneo kwa maji. Hatua ya pili ni kutolitumia tena jeraha hilo. Daktari hulifunga, hufungua njia nyingine mahali pengine, kisha humalizia kazi kwa tahadhari kubwa au hubadili mbinu na kuitoa lenzi kwa mkono.

Kulifunga jeraha lililoungua si jambo la mshono mmoja wa haraka. Kwa kuwa tishu imesinyaa, kuivuta kwa nguvu ili kingo zikutane huipindisha konea nzima na kumwachia mgonjwa uoni uliopotoka. Inashauriwa mishono ipangwe kwa namna ya kuziba uvujaji bila kukaza kupita kiasi, na mara nyingi huhitajika zaidi ya mmoja.

Iwapo jeraha bado linavuja, zipo njia nyingine: gundi ya kitabibu, lenzi laini ya kuvalishwa juu ya jicho kama bandeji, kulifunika kwa utando wa juu ya jicho, au kuweka kiraka cha tishu. Katika hali mbaya kabisa, mgonjwa huweza kuhitaji kupandikizwa konea.

Kabla ya mgonjwa kutoka, na tena siku inayofuata, uvujaji hupimwa kwa rangi ya fluoresini. Rangi hiyo huwekwa juu ya jeraha na kutazamwa chini ya mwanga wa buluu. Maji yakitoka ndani ya jicho, huonekana yakiisukuma rangi kando kama kijito kidogo.

Kipimo hicho kinachochukua dakika moja kina umuhimu wa pekee. Jeraha linalovuja hushusha shinikizo la jicho, na vilevile ni mlango wa bakteria kuingia ndani. Maambukizi ya ndani ya jicho yanaweza kulipofusha kwa siku chache.

Baada ya hapo huja kipindi cha subira. Mishono huachwa muda mrefu kuliko kawaida, dawa za kuzuia maambukizi na uvimbe hutumika, na konea huangaliwa mara kwa mara. Kupinda kwa konea hupungua taratibu kwa miezi kadhaa kwa wagonjwa wengi, ndipo miwani inapopimwa. Kupima miwani mapema mno ni kumpotezea mgonjwa fedha.

Mshono si aibu

Hapa ndipo matangazo ya biashara yanapoingia kwenye hadithi hii. Hospitali zinaposhindana kwa maneno "bila mshono" na "dakika chache", mgonjwa hutoka nyumbani akiamini kuwa mshono ni alama ya kushindwa.

Imani hiyo humfikia daktari pia. Aliyeahidi upasuaji bila mshono hujikuta akisita kushona, na aliyeahidi kutumia mashine husita kuiweka kando hata lenzi inapokataa kuvunjika. Kusita huko ndiko kunakoweza kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ukweli ni kwamba daktari anayesimamisha mashine, akashona, akabadili mbinu na kumweleza mgonjwa sababu, amefanya kazi yake kwa ustadi. Mshono uliowekwa kwa wakati huliokoa jicho.

Kumweleza mgonjwa ni sehemu ya tiba hiyo. Asiyejua kwamba jeraha lake liliungua hatajua kwa nini anatakiwa kurudi kliniki mara nyingi zaidi ya jirani yake, wala hatahofia machozi yanayomtiririka kila asubuhi. Atadhani ni kawaida, na atachelewa kurudi.

Si kila jicho linahitaji mashine

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa huduma mjini hana budi kulijua. Upasuaji wa mkono kwa tundu dogo, ambao hauhitaji mashine hiyo, si huduma ya daraja la pili.

Katika mbinu hiyo, daktari hufungua njia ya milimita sita au saba kwenye weupe wa jicho, kwa umbo linalojifunga lenyewe, na kuitoa lenzi ikiwa nzima. Hakuna mtikisiko, na kwa hiyo hakuna joto.

Mwaka 2007, daktari Sanduk Ruit wa Nepal na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa na uoni mzuri wakisaidiwa na miwani. Upasuaji wa mkono ulichukua muda mfupi zaidi na gharama yake ilikuwa ndogo.

Hiyo haimaanishi kwamba mashine hazifai. Kwa lenzi laini, tundu dogo hupona haraka na konea haipindi sana. Maana yake ni kwamba mbinu ichaguliwe kwa kulitazama jicho, wala si mfuko wa mgonjwa au sifa ya jengo.

Kwa mama wa miaka 70 tuliyemtaja, ambaye lenzi yake ni ngumu kama kokwa, upasuaji wa mkono unaofanywa na daktari mzoefu unaweza kuwa ndiyo huduma bora kuliko zote zilizopo mjini.

Wajibu wa hospitali na serikali

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2021 uliweka lengo la kuongeza kwa pointi 30 za asilimia kiwango cha wanaohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho ambao wameupata na wanaona vizuri, ifikapo mwaka 2030. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito: kinachohesabiwa ni watu wanaoona. Idadi ya waliolala kitandani na kupasuliwa haitoshi.

Kwa kipimo hicho, hospitali haiwezi kujisifu kwa wingi wa wagonjwa pekee. Inapaswa kuwa na daftari linaloonyesha kila mgonjwa alikuwa akiona kiasi gani kabla, anaona kiasi gani baada ya wiki kadhaa, na ni tatizo gani lilitokea. Jeraha lililoungua lisipoandikwa, hakuna atakayejifunza kutokana nalo.

Mafunzo nayo yatangulie mashine. Daktari anaweza kujizoeza kwa macho ya wanyama yanayopatikana machinjioni, au kwa vifaa vya kuigiza upasuaji, mpaka mguu wake uzoee hatua tatu za kanyagio. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika (COECSA), kilichoundwa mwaka 2012, kimeweka msingi wa kuoanisha mafunzo ya ukanda huu. Ni juu ya waajiri kuwapa madaktari muda wa kujifunza.

Mikataba ya ununuzi pia iangaliwe upya. Mashine bila ala za kutosha, sindano, jeli inayofaa na fundi wa kuikagua ni nusu ya ununuzi. Katika nchi nyingi za kipato kidogo, vifaa vilivyokusudiwa kutumika mara moja hutumiwa tena na tena ili kubana matumizi. Ala iliyochakaa na kupoteza ulaini wake si kinga ya kutegemewa kati ya sindano na konea.

Vilevile mamlaka zinazosimamia matangazo ya huduma za afya hazina budi kuyatazama yale yanayoita kila mashine "leza" na kuahidi matokeo yasiyo na dosari. Mgonjwa aliyedanganywa kuhusu jina la kifaa hawezi kusemwa kuwa ameridhia upasuaji kwa kuelewa.

Mgonjwa aulize nini?

Msomaji anayejiandaa kwa upasuaji, au kumpeleka mzazi wake, ana haki ya kuuliza maswali machache kwa heshima. Lenzi yangu ni ngumu kiasi gani? Ni mbinu gani itatumika, na kwa nini hiyo? Ni nani atakayeifanya, na ameifanya mara ngapi? Lenzi ikigoma kuvunjika, mpango wa pili ni upi?

Baada ya upasuaji aulize kama kila kitu kilikwenda kama ilivyopangwa, na kama kuna mshono, aambiwe sababu yake na lini utatolewa.

Akiwa nyumbani, maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, machozi yasiyokoma, usaha au uoni unaofifia baada ya kuwa mzuri ni sababu za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na asisugue wala kulibonyeza jicho.

Zaidi ya yote, asichelewe. Kufika mapema, lenzi ikiwa bado laini, ni kinga ambayo iko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na familia yake. Nyingine zote ziko mikononi mwa walioaminiwa kulishika jicho lake: daktari anayesubiri sekunde chache kwenye hatua ya pili ya kanyagio, na muuguzi asiyeondoa macho yake kwenye chupa ya maji.